Navi ya Gari au Ramani ya Simu? Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Kazi yangu ni redio za magari: kuzifunga, kuzifungua, kuzibadilisha. Karibu kila gari linaloingia kwangu limeshuka bandarini Dar es Salaam likitokea Japani, na karibu kila mwenye gari anauliza yale yale kuhusu navi, ile ramani ya kwenye kioo cha redio iliyokuja nalo. Nimeyakusanya hapa. Ukikuta lako limejibiwa, utakuwa umeokoa nauli ya kuja gereji.

Navi ya gari langu iko kwa Kijapani. Inaweza kugeuzwa iwe Kiingereza au Kiswahili?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Zipo chache zenye sehemu ya kuchagua lugha, lakini hata hizo zinabadilisha maneno ya menyu tu; ramani inabaki ile ile ya Japani. Kifaa kile kilitengenezwa kwa mteja wa Osaka au Nagoya. Ramani yake imo kwenye DVD, kwenye diski ya ndani au kwenye kadi ya SD, na aliyeichora hakuwaza kabisa kwamba siku moja itaulizwa Mbagala iko wapi.

Hata namna ya kuiambia unakokwenda ni ya kwao. Mjapani huingiza namba ya simu ya hoteli, au namba maalumu wanayoiita mapcode, na gari linajua pa kwenda. Jaribu kuingiza namba ya shangazi yako wa Tandika uone.

Wapo wanaotangaza kadi yenye "ramani ya Afrika Mashariki" kwa ajili ya vifaa hivi. Sharti ninalowapa wateja wangu ni moja: iwashwe kwenye gari lako, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti, kabla hela haijatoka mfukoni.

Yule mama anayeongea kila nikiwasha gari anasema nini?

Anakwambia hujachomeka kadi ya ETC. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara za tozo huko Japani, mfumo ulioenea nchi nzima kuanzia 2001. Hakuna hitilafu, na hiyo siyo navi. Ni kiboksi kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi au nyuma ya kizuia jua. Kikichomolewa waya, mama ananyamaza. Wapo wanaokataa nimchomoe, wamemzoea.

Mbona mshale wa gari unaonekana katikati ya bahari, na saa imekosea?

GPS yenyewe ni nzima. Satelaiti ni zile zile, Tokyo na Temeke. Kifaa kinajua vizuri kwamba kiko longitudo 39 mashariki, chini kidogo ya ikweta, ila ramani iliyomo ndani haina kitu huko. Kwa hiyo kinakuchorea rangi ya bluu, au kinang'ang'ania mahali pa mwisho kilipopatambua, mara nyingi karibu na bandari gari lilikopakiwa melini.

Saa nayo inachukuliwa kutoka satelaiti na kugeuzwa kuwa ya Japani, ambayo iko mbele yetu kwa saa sita. Sasa hesabu. Asubuhi ukiwa unatoka nyumbani saa mbili, Japani ni mchana, na kioo kinaandika 2:00. Saa tatu kinaandika 3:00. Yaani navi ya Kijapani isiyojua neno moja la Kiswahili ndiyo inayosoma saa kama sisi tunavyoisema. Mzee mmoja alinikataza nisiiguse. Alisema ni saa ya kwanza maishani mwake inayoandika anavyotamka.

Tarehe ikiwa imerudi nyuma karibu miaka 20, hilo ni jambo jingine. GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilianza upya Aprili 2019. Vifaa vya zamani vilipotea hapo.

Nilibadilisha betri, sasa redio imejifunga na inadai kadi. Nifanyeje?

Hili ndilo linaloleta watu wengi zaidi kwangu, na ndilo linaloniuma, kwa sababu linaepukika. Redio nyingi za Toyota zenye ramani ya SD zina ulinzi dhidi ya wizi: umeme ukikatika zinataka kuona kadi yake ya asili, na bila hiyo hazifunguki. Huko gari lilikotoka, kadi mara nyingi imeshachomolewa, au imechomolewa hapa na mtu aliyeona kadi ya bure ya kuwekea miziki.

Kioo kinapojifunga huwa kinaonyesha namba ndefu ya utambulisho. Ipige picha. Fundi anayejua kazi anatafuta msimbo (code) wa kufungulia kutokana na namba hiyo. Baadhi zinafunguka. Nyingine hazifunguki, na hapo unanunua redio mpya.

Kwa ambaye bado hajafika huko: kabla vichwa vya betri havijalegezwa, fungua kidirisha cha redio uangalie kama kadi ipo. Kama haipo, mwambie fundi wa betri aunganishe betri ya pili pembeni ili umeme usikatike hata sekunde moja wakati wa kubadilisha. Ni dakika tano za kazi. Ukiwa bado unaagiza gari, mwandikie wakala aiache kadi mahali pake.

Na redio kushika stesheni chache ni kosa la navi?

Hapana. FM ya Japani ilianza 76 ikaishia 90, baadaye wakaisogeza hadi 95. Yetu ni 87.5 hadi 108. Tunafunga kiongeza mawimbi kwenye waya wa antena, kinachozishusha stesheni zetu hadi namba ambazo redio ya Japani inazishika. Usishangae stesheni ya 100 ikitokea kwenye 80. TV ndiyo uisahau, mfumo wao wa matangazo na wetu ni vitu viwili.

Kwa hiyo simu imeshinda?

Kwa gari la Japani hapa kwetu, ndiyo, na wala si kwa pointi moja.

La kwanza ni umri wa ramani. Tuseme hata unayo navi nzuri, ya gari jipya lililonunuliwa kwa wakala hapa hapa, yenye ramani ya Tanzania na Kenya. Ramani hiyo ina tarehe ya kuzaliwa. Kama ni ya 2017 haijui flaiova ya Mfugale pale Tazara, iliyofunguliwa 2018. Haijui Ubungo ya juu kwa juu ya 2021, wala daraja la Tanzanite la 2022. Msafiri wa Mwanza kwenda Sengerema ingempanga foleni ya kivuko Kigongo, wakati daraja la kwenda Busisi linapitika tangu Juni 2025. Kusasisha kunawezekana kwa magari mengi, lakini ni kwa wakala na mara nyingi ni kwa kulipia. Simu inajisasisha wewe umelala.

La pili ni foleni. Ile mistari myekundu kwenye simu inatokana na simu za waliokutangulia: zikitambaa kwa kilomita tano kwa saa pale Mwenge, mfumo unajua. Navi ya zamani haina wa kumuuliza. Japani ilikuwa naye, kwa kuwa huko habari za foleni zinarushwa kwa mawimbi ya redio na vinasa vya barabarani, utaratibu ulioanza 1996. Vuka bahari, masikio ya kifaa yanaziba.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni namna tunavyoelekezana. Hakuna anayekwambia nyumba namba fulani mtaa fulani. Anakwambia shuka kituo cha mwembeni, kata kulia penye duka la bati, geti la bluu. Tangu 2022 serikali ilipoendesha operesheni ya Anwani za Makazi vibao vya mitaa na namba za nyumba vimeenea, na ni jambo jema, lakini mwenyeji wako bado anakutumia lokesheni WhatsApp. Ukiibonyeza, simu inaanza safari. Navi ya gari haina pa kuipokelea hiyo lokesheni. Utakaa kando ya barabara unaandika herufi moja moja jina la mtaa ambalo pengine imeliandika tofauti.

Simu inafanya kazi bila bando?

GPS yenyewe haili bando. Simu inapokea tu kutoka angani, haitumi kitu, kama redio. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, kutafuta mahali na habari za foleni. Pakua eneo lako mapema ukiwa na Wi-Fi, na Google Maps itakuongoza kwa gari hata mtandao ukikata. Hutapata foleni wala njia mbadala, lakini hutapotea.

Ukiwa na mtandao muda wote, kuongozwa kunakula megabaiti chache kwa saa. Watu wanaogopa ramani huku wanaangalia video njia nzima.

Jambo moja la kujua: ukiwasha simu porini pasipo mtandao kabisa, inaweza kuchukua muda kujitambua iko wapi, kwa sababu kwa kawaida mtandao huipunguzia kazi ya kuzitafuta satelaiti. Isubiri nje, chini ya anga wazi. Usiitukane.

Nitumie programu ipi?

Google Maps kwa mjini, kwa sababu ya foleni na kwa sababu maduka, sheli na hospitali zimo. Waze ni ya Google pia, waliinunua 2013. Ni nzuri pale ambapo madereva wengi wanaripoti, na bila intaneti haikusaidii sana.

Ya tatu watu wengi hawaijui: Organic Maps. Haina matangazo, inafanya kazi bila intaneti moja kwa moja, na ramani yake inatoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima tangu 2004. Dar es Salaam ina bahati hapo. Mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 kwa sababu ya mafuriko. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea Tandale, Manzese na kwingineko wakichora vichochoro, mitaro na nyumba. Ndiyo maana uswahilini mara nyingine ramani hii ina kichochoro ambacho nyingine inakiona kiwanja kitupu. Weka zote mbili, hii na Google Maps. Nafasi zinayochukua ni ndogo kuliko picha zako za harusi.

Kwa wanaoendesha watalii mbugani: simu peke yake isikutoshe. Garmin, kifaa cha GPS kinachojitegemea, yenye ramani za Tracks4Africa za njia za porini, bado ina heshima yake kwenye Land Cruiser za safari, na siwezi kubishana na madereva wale.

Simu ilinipeleka porini. Niiamini vipi tena?

Hata mimi. Nilikuwa nakwenda msibani upande wa Handeni, na programu niliyokuwa naitumia ikanipa mkato wa kuokoa dakika ishirini. Nikakunja. Kilomita ya kwanza ilikuwa barabara. Ya tatu majani yalikuwa yameota katikati, yanafuta tumbo la gari, shshsh, mwendo wote. Ya sita nikafika korongoni: daraja hakuna, maji ya kiunoni, na kwenye kioo mstari wa bluu umenyooka kama hakuna kitu. Kulikuwa na kijana anachunga mbuzi. Hakushangaa. Alinyoosha fimbo kuelekea nilikotoka, kama mtu ambaye kazi hiyo anaifanya kila wiki. Nilikuta watu wanarudi kutoka makaburini.

Tangu siku hiyo, nje ya lami nafanya mambo mawili. Kwanza naigeuza ramani kwenye picha za satelaiti na kuifuata njia yote kwa kidole kabla sijaondoka: barabara ya magari inaonekana pana, ina rangi moja, njia ya ng'ombe inajikunja na kupotea. Pili, nikiona mkato unaokoa muda lakini unaacha barabara kuu, nasimama kwenye kijiwe cha bodaboda na kuuliza. Usiulize kama njia ipo, maana watakwambia ipo. Uliza kama gari dogo limepita leo.

Mvua zikinyesha, hata mjini usiitegemee simu mia kwa mia. Jangwani maji yakijaa barabara ya Morogoro inafungwa, na ramani inaweza kuchelewa kujua. Radio za asubuhi zinawahi.

Kuna mahali navi ya gari inaishinda simu?

Ipo, na nisiifiche.

Navi iliyojengewa ndani ya gari inajua magurudumu yamezunguka kiasi gani na gari limekunja wapi, kwa sababu imeunganishwa na kipima mwendo na ina kipima mzunguko chake. Satelaiti zikipotea inaendelea kuhesabu. Huo ni urithi wa zamani sana: mwaka 1981 Honda waliuza Accord yenye kifaa cha ramani ambacho hakikutumia satelaiti hata moja, kilihesabu mizunguko na umbali tu, na ramani zilikuwa karatasi angavu za plastiki unazozipachika mbele ya kioo cha kifaa hicho. Kwa ndugu zetu walioko Dubai, Muscat au London, penye mahandaki na majengo marefu, uwezo huu una thamani kila siku. Kama gari lako huko ni jipya na ramani yake inasasishwa, itumie, usiidharau kwa sababu sisi huku tumekwama na za Kijapani.

Nairobi nako kuna mtihani wake. Ile Expressway ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kuna sehemu imepita juu ya barabara ya kawaida. Simu inaona uko Mombasa Road, sawa, lakini juu au chini? Mara nyingine inakosea, na ukiwa juu huwezi kukunja pale inapokuambia. Utokee mlango unaofuata. Kinachonichekesha ni kwamba navi nyingine za Kijapani zilitengenezwa zihisi gari likipanda barabara ya juu, kwa kuwa Tokyo imejaa barabara za namna hiyo. Ujuzi Nairobi inauhitaji, mjuzi anao, ila ramani yake inaishia Okinawa.

Simu inapata moto na chaji inashuka hata ikiwa imechomekwa.

Usiibandike kwenye kioo cha mbele. iPhone imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzijoto 35, na dashibodi ya Dar saa saba mchana inapita hapo kabla hujafunga mkanda. Ikizidiwa inafifisha kioo au inajizima. Nunua holda ya kubana kwenye matundu ya AC. Upepo wa baridi unaipoza.

Kuhusu chaji: tundu la USB la redio ya zamani linatoa nusu ampea. Simu inayoongoza njia kioo kikiwa kimewaka inakula zaidi ya hapo. Tumia chaja nzuri ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, yenye ampea mbili au zaidi.

Trafiki akiniona na simu?

Kuishika mkononi huku unaendesha ni kosa, Tanzania na Kenya. Iweke kwenye holda, andika uendako kabla hujaondoka, kisha fuata sauti.

Niitoe navi ya Kijapani niweke redio ya Android?

Kama redio yako imejifunga, ndiyo. Kama inafanya kazi na kamera ya nyuma inaonyesha, tulia kidogo. Fungua kwanza mipangilio uangalie kama ina CarPlay au Android Auto. Magari ya Japani ya miaka ya karibuni, kuanzia yale ya 2020 hivi, yanazidi kuja nayo. Hapo unachomeka simu kwa waya, na ramani ya simu inatokea kwenye kioo kikubwa cha gari. Akili ya simu, kioo cha gari. Kwangu huo ndio mwisho wa ubishi huu.

Ukiamua kununua ya Android, usidanganywe na ukubwa wa kioo. Uliza RAM, kumbukumbu ambayo redio inaifanyia kazi. Yenye GB moja au mbili itakuonyesha kona ukiwa umeshaipita. Tafuta ya nne. Muulize fundi antena ya GPS ataiweka wapi. Wengine wanaiacha imekunjwa nyuma ya redio, katikati ya vyuma, halafu mteja analalamika kwamba GPS ni mbovu. Iwe juu, chini ya plastiki ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele. Toyota za Japani nyingi zina nafasi pana kidogo kuliko kipimo cha kawaida cha redio, sentimita 20 kwa takribani 18, kwa hiyo taja modeli na mwaka kabla hujalipa, la sivyo utabaki na mianya pembeni.

Gari likiibwa, navi itanisaidia kulipata?

Hapana. Navi inajua iko wapi lakini haina wa kumwambia. Kinachokupigia kelele ni kifaa cha kufuatilia chenye laini ya simu ndani, na hicho kinafungwa peke yake. Ukisikia muuzaji anasema gari "lina GPS kwa hiyo haliibiki", angalia vizuri na mengine anayokwambia.

Niongeze hela kwa gari lenye navi?

Kwa ajili ya ramani, hapana. Kwa ajili ya kamera ya nyuma na kioo kinachoweza kupokea simu, sawa.

Kabla sijauza gari, nifute nini?

Tenganisha simu yako na Bluetooth, futa majina ya simu yaliyonakiliwa kwenye redio, na kama ni redio ya Android toka kwenye akaunti yako ya Google. Watu wanasahau. Wenzetu wa Japani nao wanasahau: juzi nimefungua gari lililoshuka wiki ile ile, na kwenye navi bado kulikuwa na alama ya nyumbani kwa mwenye gari wa kwanza, kaskazini kidogo ya Tokyo, na orodha ya alikokuwa akienda. Nilimfutia. Menyu yote ilikuwa Kijapani, nikaelekeza kamera ya simu kwenye kioo cha gari ili inisomee wapi pa kubonyeza.